Mama Mchungaji na Njia ya Ijumbi

Pale Kanazi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mumewe alikuwa mchungaji, akafa akiwa mchungaji, na yeye akabaki Mama Mchungaji kwa Walutheri, kwa Wakatoliki, na hata kwa wale waliokuwa hawampendi, ambao hawakuwa wachache. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Miguuni alivaa mabuti ya mvua ya marehemu mumewe, makubwa kuliko miguu yake, na ukimsikia anakuja, plap, plap, plap, ulijikuta unatafuta haraka kitu cha kushika ili akukute unafanya kazi.

Nilipoolewa kwenye nyumba ya jirani, nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, sijui hata kushika jembe vizuri. Kibanja chetu, yaani shamba linalozunguka nyumba, na chake vilitenganishwa na mstari wa mibuni tu. Siku ya kwanza alisimama upande wake akanitazama nikipalilia, akasema, "Mwalimu, hayo magugu unayapalilia au unayabembeleza?" Hakucheka. Mimi nilicheka peke yangu, nikaona aibu.

Wakati huo bado alikuwa na migomba kama kila mtu. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia, bwana shamba alipita nyumba hadi nyumba akituambia tung'oe kila shina lililoathirika na kulifukia. Wengi tuliitikia kwa mdomo. Tulikata mashina mawili matatu pale barabarani yaonekane, mengine tukayaacha huku tukisali. Mama Mchungaji hakusali. Alichukua panga na sururu akang'oa kibanja kizima, shina baada ya shina, mpaka nyumba yake ikabaki wazi juani kama kichwa kilichonyolewa. Shemeji yake, mdogo wa mchungaji, alikuja akifoka kwamba ameharibu kibanja cha ukoo.

"Nyumba ya Mhaya bila mgomba ni nini?" alimuuliza.

"Ni nyumba ya mtu asiyejidanganya," akamjibu. "Nenda ukaitazame ya kwako vizuri."

Mwaka uliofuata migomba ya shemeji ilioza yote, na ya kwetu pia. Mama Mchungaji wakati huo alikuwa tayari ameshapiga matuta. Alipanda mchicha, figiri, nyanya chungu, kabichi, karoti, na vitunguu vilivyosimama kwa mistari iliyonyooka kama watoto wa shule. Kiangazi kikianza alifunika udongo kwa nyasi kavu alizokata rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya vijiji vyetu, na maji aliyafuata bondeni mwenyewe, akayamwagilia kwa kopo alilolitoboa matundu kwa msumari. Wadudu aliwapiga kwa majivu na pilipili iliyotwangwa. Alikula ugali wake bila haya mbele ya watu, kwenye nchi ya ndizi, ambako ugali ni chakula cha kuonewa huruma.

Na alizungumza na miche. Hili wengi hawakulijua, ila mimi nilimsikia mara nyingi kutoka upande wangu wa mibuni. Jioni, jua likishapoa, alihamisha miche kutoka kitaluni akiwa amepiga magoti, na ile sauti ya kuamrisha ilikuwa haipo kabisa. Alisema kwa Kihaya, taratibu, "Karibu, mgeni wangu. Kaa hapa. Hapa ni kwako." Alibonyeza udongo kuzunguka shina kwa vidole viwili kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kisha aliinuka, akamwona mtu anapita, akamfokea kwa kukanyaga mfereji.

Binti yake mkubwa aliwahi kuniambia, tukichambua maharage, "Mama yangu alilea mboga. Sisi tulijiotea." Alisema kwa utani, lakini alikuwa na miaka mingi bila kukanyaga pale, na safari ile alilala usiku mmoja tu akaondoka.

Siku ya kumzika mchungaji, watu walipofika alfajiri walimkuta mjane bustanini anahamisha kabichi. Mama mmoja wa kwaya alimshika mkono, akamwambia jamani, leo si siku ya kazi. "Miche haijui kama kuna msiba," alisema, akamaliza tuta, akanawa mikono, akaenda kuvaa gauni jeusi. Maneno hayo yalisemwa Kanazi kwa muda mrefu, na si kwa kumsifu. Lakini ni baada ya mazishi hayo ndipo alipoanza kuvaa yale mabuti. Aliyavaa mpaka nyayo zikatoboka, akayaziba kwa mpira wa baiskeli, akaendelea kuyavaa. Hilo halikusemwa na mtu.

Nami ninalo la kwangu. Nilijifungua mtoto wa kwanza akiwa amekufa. Wanawake walikuja wakakaa nami, wakaniambia bado mdogo, utapata mwingine, Mungu anajua. Mama Mchungaji alikuja siku walipoacha kuja. Hakuingia ndani. Nilisikia jembe nyuma ya nyumba yangu, nikatoka, nikamkuta anapiga tuta kwenye uwanja wangu bila kuniomba ruhusa. Akapanda mchicha, akaweka lile kopo lake lenye matundu mlangoni kwangu.

"Kesho utamwagilia," alisema.

"Siwezi, Mama."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Nilimchukia siku ile. Kesho yake nilimwagilia kwa sababu nilijua atakuja kukagua. Nikamwagilia na kesho kutwa yake. Siku nilipochuma mchicha ule nikaupika, nililia mpaka moshi ukanisaidia kuficha, na baada ya hapo nilirudi kazini. Ndiyo maana sikuweza kuwa kama wale waliosema hana moyo. Ukali wake ulinitoa shimoni. Niliuamini, na nadhani niliuamini kupita kiasi.

Alikuwa na misemo yake, hakuiazima kwa mtu. "Magugu hayana Jumapili," alisema, na akitoka ibadani alikwenda moja kwa moja kupalilia, yeye mke wa mchungaji. "Usimwage maji juu ya mti uliokufa ili watu wakuone." Na ule alioupenda kuliko yote, aliomwambia kila aliyelalamika kuhusu mgongo, homa, mume au mvua: "Anayelalamika ana pumzi."

Rafiki yake alikuwa mmoja tu, na hakuna aliyeelewa urafiki ule ulivyosimama. Alikuwa Mkatoliki, mke wa katekista wa Ijumbi, huko Muleba. Walifahamiana zamani mchungaji alipokuwa akihudumu upande ule. Mama Katekista alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde, na bustani yake ilikuwa vurugu tupu: nyanya katikati ya maboga, vitunguu vimefichwa na maharage, maua hapa na pale. Lakini ilizaa. Hilo lilimuudhi sana Mama Mchungaji.

"Hii si bustani, ni soko limepinduka," alisema.

"Ninyi Walutheri mnazipanga mboga mpaka zinaogopa kukua," mwenzake alimjibu, akicheka, huku akimfungia mbegu kwenye kitambaa azichukue.

Walikuwa na jambo lao la kila mwaka, na baadaye wakaniingiza na mimi. Masika yakikatika, Juni hivi, udongo ukiwa bado na unyevu na nyasi za rweya zimeanza kugeuka rangi, tulipanda gari asubuhi hadi Muleba, tukaenda Ijumbi kumchukua Mama Katekista, na kutoka hapo tukatembea. Kutembea tu. Tulivuka rweya, tukapanda ule mgongo wa mawe, tukashuka upande wa Rubya, tukala viazi na karanga tulizobeba, kisha tukatafuta gari la kurudi. Kutoka juu uliona ziwa, mashamba ya kahawa, mapaa ya bati yanang'aa, na upepo ulikuwa baridi hata jua likiwa kali.

Watu hawakutuelewa. Wanawake watu wazima watatu, bila mzigo kichwani, bila jembe, wanakwenda wapi? Kila nyumba tuliyopita walituuliza, "Nani amekufa?" Kwao safari ya namna ile haikuwa na maana nyingine ila msiba. Mama Katekista aliwajibu, "Bado, tunamtafuta," kisha akacheka mpaka akashika mti. Mama Mchungaji alitangulia, hakugeuka. Lakini nilimwona mara moja anatabasamu mbele kule, akidhani hatumwoni.

Mwaka mmoja, tulipofika Ijumbi, Mama Katekista alichelewa kutoka ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge vizuri na anacheka, ila alicheka kidogo. Mumewe, mzee mdogo wa umbo asiye na maneno mengi, alisimama mlangoni akatutazama tukiondoka. Nilimpungia mkono. Hakupunga.

Rweya tuliivuka polepole. Mama Katekista alikunywa maji kila wakati, na hakumjibu mtu yeyote aliyetuuliza nani amekufa. Chini ya mgongo wa mawe akakaa kwenye jiwe.

"Mama Mchungaji, leo kifua kinanibana. Nipumzike kidogo."

"Utapumzikia juu, kuna upepo."

"Kweli nakwambia."

"Anayelalamika ana pumzi," akasema Mama Mchungaji, na tayari alikuwa anapanda.

Mama Katekista alinitazama akatikisa kichwa, kama mtu anayesema huyu rafiki yangu nimfanyeje. Kisha akainuka. Nilimshika mkono, nikausikia umelowa jasho la baridi. Niliita, "Mama, tungekaa kidogo," na sauti ikanirudia kutoka juu, "Twende, twende!" Tukaenda.

Hatukufika mbali. Alisimama, akashika nyasi, akasema, "Mae waitu," kama tunavyomwita mama tukizidiwa. Akapiga magoti, nikadhani anasali. Halafu akalala ubavu.

Mama Mchungaji alishuka mbio, mabuti yakigonga mawe. Akampiga makofi mashavuni. "Inuka!" akasema. "Inuka wewe! Usinichezee, inuka!" Aliendelea kumwamrisha hivyo wakati macho ya mwenzake yalikuwa tayari hayaoni kitu. Simu yangu haikuwa na mtandao. Nilikimbia hadi nilipowaona wanaume wanakata nyasi, na nilipowaleta, yeye bado alikuwa pale anaamrisha, sauti imekauka, mpaka nikamshika mikono yote miwili nikaikumbatia kifuani kwangu.

Walitengeneza machela kwa miti na kanga zetu. Njiani kiatu kimoja cha Mama Katekista kilidondoka, Mama Mchungaji akakiokota akatembea nacho mkononi hadi hospitali. Tulipita nyumba nyingi. Watu walitoka wakasimama mipakani mwa vibanja vyao, na siku hiyo hakuna aliyeuliza swali.

Hospitali walituambia hakukuwa na la kufanya, alifika ameshakufa.

Mazishi yalifanyika Ijumbi, baada ya misa. Katekista alipita kuwapa watu mkono, mmoja mmoja, Wakatoliki na sisi wengine tuliotoka Kanazi. Mimi alinipa mkono. Alipofika kwa Mama Mchungaji, aliyesimama karibu yangu, alimpita kama mtu anavyopita nguzo, akampa mkono aliyefuata. Mama Mchungaji alikuwa ameleta kapu la mboga kwa ajili ya matanga, nzuri kuliko zote alizowahi kuvuna. Lile kapu lilibaki mlangoni. Hakuna wa ile nyumba aliyeligusa, na siku ya kuanua matanga nililikuta palepale, kabichi zimenyauka, majani yamegeuka njano.

Kanazi walimfariji, hata wale waliokuwa hawampendi. Walimwambia hukujua. Walimwambia ni mpango wa Mungu. "Msimsingizie Mungu," aliwajibu, na baada ya hapo waliacha kumwambia chochote.

Usidhani alibadilika akawa mpole. Alibaki mkali. Alichoacha ni ule msemo wake, sikuusikia tena. Na jioni alipohamisha miche, nilitega sikio upande wangu wa mibuni, na alikuwa kimya. Alichimba, akaweka, akabonyeza. Juni iliyofuata sikumwuliza kuhusu kutembea, naye hakuniambia. Kisha mume wangu akahamishiwa kazi Bukoba mjini, tukahama, na habari zake nikawa nazipata kwa vipande tu: mgongo umeinama, bado analima, yule binti hajaja.

Ikawa mwaka jana, masika yalipokatika. Nilikuwa Muleba kwa shughuli ya shule, nikamwona stendi ananunua maji. Alikuwa amekuwa mfupi. Yale mabuti hayakuwepo, amevaa raba, na mkononi ana jembe fupi lililofungwa kwenye gunia.

"Shumalamu, Mama," nilimwamkia.

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mwalimu. Umenenepa."

"Unakwenda wapi na jembe?"

"Ijumbi. Kama una nafasi twende. Kama huna, baki."

Nilikuwa na shughuli. Nikaenda naye. Njiani, kwa maneno machache, aliniambia jambo ambalo hakuna mtu Kanazi aliyelijua. Tangu mwaka ule, kila kiangazi kinapoanza, alikuwa akienda peke yake Ijumbi, nyumbani kwa Katekista, kuilima bustani ya marehemu. Mara ya kwanza alipita nyuma ya nyumba bila kubisha, akakuta magugu yamefika kiunoni, akaanza kuyang'oa. Katekista alitoka, akamwona, akarudi ndani. Tangu hapo ilikuwa hivyo. Mzee alikaa kwenye kibaraza, yeye akalima. Mkwe wa nyumba alimletea maji. Jioni aliondoka.

"Hajawahi kukusalimia?"

"Hajawahi."

"Na hajakufukuza?"

"Hajanifukuza. Ndiyo maana narudi."

Tulimkuta Katekista kibarazani, mzee sasa, fimbo kati ya magoti. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za watoto wa shule. Mama Mchungaji alipita nyuma moja kwa moja. Nilimfuata, na nilichokiona kilinishtua. Nilitegemea mistari iliyonyooka kama ya kwake. Ilikuwa vurugu: nyanya katikati ya maboga, vitunguu chini ya maharage, maua hapa na pale. Alikuwa ameilima miaka yote vilevile kama ilivyokuwa, yeye ambaye ilimuudhi.

Tulipalilia pamoja hadi jua likawa utosini. Ndipo niliposikia fimbo. Katekista alikuwa amezunguka nyumba kwa shida, akasimama ukingoni mwa bustani akiegemea ukuta. Mama Mchungaji aliacha kulima, lakini hakuinua uso.

"Mama Mchungaji," mzee alisema.

Jembe likamtoka mkononi.

"Siku ile aliamka mgonjwa," mzee akaendelea. Alizungumza polepole, kama anayesoma somo kanisani. "Usiku kucha hakulala. Nilimwambia usiende. Nikamwambia nitawaeleza mimi, nitasimama mlangoni niwaambie unaumwa. Akaniambia, nisipoenda, yule atanicheka. Akajifunga kitenge akatoka. Mimi nikasimama mlangoni, sikusema."

Kuku walikuwa wanaparua majani makavu karibu na jiko. Nilitaka mtu aseme kitu. Nilitaka hata kusema mimi, kwamba asingecheka, kwamba alimpenda, yale maneno ambayo watu wema husema. Lakini Mama Mchungaji aliwahi. Aliinua uso akamtazama mzee moja kwa moja.

"Ningemcheka," alisema. "Kweli ningemcheka."

"Najua," alisema Katekista.

Walitazamana. Hakuna aliyelia, na sikuona msamaha wowote ukipita kati yao. Kama ulikuwepo, haukuwa wa kuonekana na mimi. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu alilokuwa akilingoja kwa muda mrefu na ambalo halikumpunguzia kitu. Halafu akanyoosha fimbo yake kuelekea kona ya mwisho, karibu na mwanzi.

"Kule chini," akasema, "maboga yanasongwa na magugu."

Mama Mchungaji akainama, akaokota jembe, akaenda.